Zuia Mkono Kwanza: Namna ya Kuuokoa Mmea wa Ndani Uliodhoofika

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa wapenda mimea. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, mama zangu na baba zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie mmea wa ndani unaodhoofika: ule uliokuwa umenawiri, sasa majani yanageuka njano, shina limelegea, na mwenye nyumba kila akipita roho inamuuma. Nami nitasema mapema ninachoamini. Mimea mingi ya ndani huuawa na mtu anayeipenda. Anaiona inaumwa, anataka ipone leo hii, anaanza kuitibu kabla hajajua inaumwa nini. Ndiyo maana neno langu kwenu jioni hii ni fupi: zuia mkono. Zuia mkono wenye kopo la maji. Zuia mkono wenye mbolea. Zuia mkono unaotaka kuuhamisha mmea kutoka dirisha hili kwenda lile. Tazama, shika udongo, toa mizizi uione ikibidi, halafu ndipo utende.

Tuanze na maji, na hapa nitakaa sana, maana hapa ndipo penye msiba mkubwa.

Ofisi moja niliyokuwa naifahamu ilikuwa na spathifilamu karibu na mlango, ule mmea wa majani ya kijani kilichokoza wenye ua jeupe linalosimama peke yake. Spathifilamu ina tabia yake. Ikishikwa na kiu inalegeza majani yote kwa pamoja, hata anayeiona mara ya kwanza hudhani imekufa. Ukiinywesha, baada ya saa chache imeinuka. Wafanyakazi wa pale walikuwa wameizoea tabia hiyo. Basi siku moja majani yakalegea. Mlinzi akatia maji alfajiri. Katibu muhtasi akaingia, akaukuta mmea bado umelegea, naye akatia. Mhasibu akapita mchana, akauonea huruma, akaumiminia maji yaliyobaki kwenye chupa yake. Kesho yake umelegea zaidi. Mnadhani walifanya nini?

Ndiyo, umesema sawa mama. Waliongeza maji.

Sasa niwaulize: inakuwaje mmea uliozama kwenye maji ulegee kana kwamba una kiu? Jibu liko chini ya udongo. Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni ili ichome sukari inayoshushwa na majani, ipate nguvu ya kukua na kufyonza. Udongo mzuri una vinafasi vingi vya hewa katikati ya chembe zake. Ukiujaza maji, vile vinafasi vinazibwa, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mno, karibu mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Mizizi inakosa pumzi. Inaanza kufa, na viini vya kuozesha vinavyopenda udongo wa majimaji vinaishambulia. Mizizi iliyokufa haiwezi kupandisha maji. Kwa hiyo juu majani yana kiu kwelikweli, na chini maji yamejaa tele. Ukiyatazama majani peke yake, mmea unaokufa kwa kiu na mmea unaozama ni kama pacha.

Mtautofautishaje? Kwa kidole, ndugu zangu. Kiingize kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Umelegea na udongo ni mkavu? Hiyo ni kiu. Umelegea na udongo umelowa? Zuia mkono! Kisha uinue mkebe wake. Mkebe wenye maji ni mzito, mkebe mkavu ni mwepesi, na ukifanya hivyo mara kadhaa mikono yako itajifunza kupima bila hata kidole. Mimi ningependa kila mwenye mmea ajifunze uzito huu kabla hajanunua kifaa chochote cha kupimia unyevu.

Kiu nayo ina ujanja wake. Udongo uliokauka sana husinyaa, ukaachana na kuta za mkebe. Unamwaga maji juu, yanateremka pembeni na kutokea chini, unafurahi kwamba mmea umekunywa. Haujanywa hata tone. Mmea wa namna hiyo uweke kwenye beseni lenye maji kidogo kwa muda wa nusu saa, udongo uvute kutoka chini hadi uso wake ulowe, kisha utoe, uuache uchuruzike vizuri.

Turudi ofisini. Tulipoutoa mmea ule kwenye mkebe, harufu ilitangulia kutueleza. Mizizi mizima huwa imara, myeupe au ya rangi ya malai. Mizizi iliyooza huwa kahawia au nyeusi, laini, na ukiivuta kwa vidole gamba lake linachubuka na kukuachia uzi mwembamba. Ule mmea ulikuwa na mizizi mibovu kupita mizima. Tukauosha udongo wote wa zamani. Tukachukua mkasi uliofutwa kwa spiriti, tukakata kila kilichooza hadi tukafika penye weupe. Na tukaupanda katika udongo mpya mwepesi, uliochanganywa na chembe za mawe mepesi ili maji yapite.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa wengi huteleza. Tuliupanda katika mkebe mdogo kuliko ule wa kwanza. Watu walishangaa, walitaka tuupe nafasi kubwa ujinafasi. Lakini mizizi michache katika mkebe mkubwa haiwezi kunywa maji yote yanayoshikwa na udongo mwingi kiasi kile, na mtajikuta mmerudi kule kule kwenye kuoza. Mkebe uwe wa kiasi cha mizizi iliyobaki. Na uwe na matundu chini. Tafadhali, msidanganywe na kokoto. Wengi huweka kokoto chini ya mkebe usio na tundu, au hata wenye tundu, wakiamini maji yatakimbilia huko. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo wa chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Hubaki yamening'inia juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Kokoto zinapandisha tope juu, karibu zaidi na mizizi. Tundu ndilo linalosaidia. Na sahani ya chini imwagwe baada ya kunywesha, mkebe usikae umeloweka miguu.

Ule mmea ulipoteza majani yake mengi baada ya hapo. Wafanyakazi wakakata tamaa, mmoja akataka utupwe. Tukaomba uachwe. Tukamteua mtu mmoja, mmoja tu, ndiye mwenye ruhusa ya kutia maji. Wiki kadhaa baadaye katikati pakachomoza jani lililojikunja, la kijani kibichi. Kama nyumbani kwenu mpo watu wengi wenye huruma, nawasihi, mteueni mtu mmoja.

Sasa nije kwenye mwanga.

Macho yetu yanatudanganya juu ya mwanga, na si kosa letu. Mboni hutanuka na kusinyaa yenyewe, basi chumba tunakiona kina nuru ya kutosha kwa sababu tunaweza kusomea gazeti. Nje, jua la mchana kwenye anga jeupe linafika laksi 100,000 hivi (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Ndani, mita chache kutoka dirishani, mara nyingi hazifiki hata 500. Kwa mmea, ile pembe nzuri karibu na kabati ni giza. Na mwanga ndio chakula chake chenyewe, maana sukari yote inayouendesha hutengenezwa humo kwenye majani kwa nguvu ya nuru. Mbolea haiwezi kushika nafasi hiyo.

Mmea wenye njaa ya nuru unajulikana: shina linarefuka na kuinamia upande mmoja, majani mapya ni madogo, na nafasi kati ya jani na jani inazidi kuwa ndefu. Tena mmea ulio gizani hunywa maji kidogo. Kwa hiyo mtu anayenywesha kwa ratiba, kila Jumamosi iwe isiwe, anauzamisha bila kukusudia. Mwanga na maji vinakwenda pamoja. Ukipunguza kimoja, punguza na kingine.

Lakini je, tuuchukue mmea tuukimbize dirishani leo hii? Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mtu makini sana, aliyekuwa na fikasi, ile aina ya benjamina yenye vijani vidogo vinavyong'aa. Fikasi hiyo ikahamishiwa chumba kingine, ikaanza kupukutisha majani. Mwalimu akaona chumba kile hakiifai, akaisogeza barazani. Ikapukutisha zaidi. Akairudisha ndani, karibu na mlango. Zulia likajaa majani. Fikasi benjamina hupukutisha majani nuru inapobadilika ghafla. Majani yaliyotengenezwa kwa ajili ya kiasi kimoja cha nuru yanaachwa, na mapya yanatengenezwa kwa ajili ya hali mpya. Kila mara ilipokuwa inajipanga upya, ilihamishwa tena. Nilichomshauri ni kuchagua mahali penye nuru nyingi isiyochoma, auweke hapo, asiuguse kwa msimu mzima. Alifanya hivyo, na ninyi mliowahi kufika kwake mmeiona ilivyo leo.

Mnapolazimika kuhamisha mmea kuupeleka penye mwanga mkali, nendeni hatua kwa hatua kwa wiki moja au mbili. Jani lililozoea kivuli likipigwa na jua kali huungua, hutoka mabaka meupe au ya kahawia, na baka hilo halifutiki tena. Na futeni vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu. Ni kazi ya dakika chache, nayo inauongezea mmea nuru bila kuusogeza popote.

Ndugu zangu, nina swali jingine. Mmea wako umetoka wapi? Siulizi uliununua wapi. Nauliza, ndugu zake wanaishi wapi, porini, ambako hakuna mtu wa kuwanywesha?

Nisikilizeni niwasimulie kisa cha Rwanda. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea Eberhard Fischer alilikuta yungiyungi dogo sana pale Mashyuza, kusini-magharibi mwa Rwanda, kwenye chemchemi ya maji moto. Ni dogo kuliko mayungiyungi yote yanayojulikana duniani. Majani yake mengine yana upana wa sentimita 1 tu. Likapewa jina Nymphaea thermarum. Fischer alipeleka mimea michache kwenye bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani. Baadaye maji ya ile chemchemi yakavutwa mno kwa matumizi ya watu, makazi yake yakakauka, na kufikia 2008 halikuonekana tena pale. Mbegu na miche vikapelekwa bustani ya mimea ya Kew, London, mikononi mwa mtunza mimea Carlos Magdalena. Akaiotesha mbegu ndani ya maji, kama yanavyooteshwa mayungiyungi mengine. Ikaota, ikakua kidogo, ikafa. Akabadilisha hiki, akabadilisha kile. Ikaota, ikafa.

Kilichomwokoa ni kurudi kwenye maelezo ya mahali ulipotoka. Mmea ule haukuwa unaishi ndani ya kina cha maji. Ulikuwa unakaa kwenye tope la ukingoni, pale maji ya moto yanapotiririka na kupoa hadi nyuzi 25 hivi, majani yakiwa wazi kwenye hewa. Mayungiyungi mengine huanza maisha yakiwa yamezama. Hili linataka hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka angani. Magdalena akaweka miche kwenye vikopo vya udongo, uso wa maji ukawa sawasawa na uso wa udongo, joto nyuzi 25. Miche ikashika. Novemba 2009 ikachanua.

Mtaniambia, sisi hatuna yungiyungi la Mashyuza. Ni kweli. Lakini wengi wenu mna zamia, ile yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Porini inaishi mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, mahali penye majira marefu ya ukame, na chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji. Kwa nini tena unainywesha kila wiki? Wengine mna ile urujuani ya Usambara yenye majani ya manyoya. Kule kwao milimani inaota kwenye miamba yenye kivuli, udongo kiganja tu, unyevu wa kutosha, jua haliigusi moja kwa moja. Ukiiweka kwenye jua la mchana inaungua. Ukiimwagia maji baridi juu ya majani inatoka madoa. Kila mmea umebeba desturi za kwao. Zijueni desturi hizo, na nusu ya maswali mnayoniletea yatajijibu.

Juu ya unyevu wa hewa nitasema kidogo, kwa sababu una faida kwa mmea uliopoteza mizizi. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliweka bundo la nondo, yaani kile kifuko ambamo kiwavi hugeuka kuwa mdudu nondo, katika chupa yenye udongo wenye unyevu, akaifunika, akisubiri nondo atoke. Bustani yake ilikuwa imeharibiwa na moshi wa makaa ya mawe, mikangaga yake ilikuwa inamfia. Ndani ya ile chupa, bila yeye kupanda chochote, mkangaga ukachipua. Maji yalipanda kama mvuke, yakawa matone kwenye kioo, yakarudi udongoni. Mwaka 1833 akatuma mimea hadi Sydney kwa meli ndani ya masanduku ya kioo, ikafika hai. Nanyi mnaweza kufanya vivyo hivyo: mmea uliokatwa mizizi ufunikeni kwa mfuko wa plastiki unaopitisha nuru, upoteze maji kidogo wakati mizizi mipya inaota. Usiwekwe juani, maana ndani ya mfuko joto hupanda upesi. Fungueni kila siku kidogo upate hewa.

Wadudu, kwa ufupi. Geuzeni majani mtazame upande wa chini, maana huko ndiko wanakojificha. Utitiri mwekundu huacha vitone vyeupe na utando mwembamba. Anapenda joto na hewa kavu. Vidung'ata hujivika unga mweupe kwenye makutano ya jani na shina. Wadudu magamba hujibandika kwenye shina hata mtu akadhani ni sehemu ya gome. Mmea wenye wadudu utengeni siku hiyohiyo. Uosheni kwa maji, mpanguse kwa maji yenye sabuni kidogo isiyo kali, kisha mrudie kila wiki kwa wiki kadhaa. Mayai hayafi kwa sabuni ya siku moja, na wanaorudia mara moja tu ndio hunipigia simu wakisema dawa haikufanya kazi.

Na mbolea? Zuia mkono! Mmea wenye mizizi mibovu hauwezi kuila. Chumvi ya mbolea inabaki udongoni, inavuta maji kutoka kwenye mizizi michache iliyobaki. Mkiona ncha za majani zimekuwa kahawia na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, pitisheni maji mengi safi kwenye mkebe, yatokee chini yote, na msahau mbolea mpaka mmea utoe majani mapya yenye afya. Njano nayo isomeni vizuri. Ikianzia kwenye majani ya zamani yote ya chini, huenda nitrojeni imepungua, kwa maana mmea huihamisha kutoka kwa wazee kuwapa watoto. Ikianzia kwenye majani machanga, mishipa ikabaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa chuma, ambacho hakihamishiki hivyo. Jani moja la chini likizeeka peke yake, liacheni lizeeke.

Limebaki suala la muda. Kule Kew kuna sikadi, mmea unaofanana na mtende mfupi na kutoa koni badala ya maua, kutoka Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, iliyoletwa mwaka 1775 na mkusanyaji mimea Francis Masson. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa mimea mikongwe kuliko yote inayoishi kwenye mkebe. Inarefuka kama sentimita 2.5 kwa mwaka. Imetoa koni mara moja tu tangu ifike, mwaka 1819. Mwaka 2009 ikahamishiwa mkebe mpya. Watunzaji wangapi wameipokea na kuiachia wenzao, bila mmoja kuiharakisha?

Sisi tunataka jibu Jumatatu. Jani lililokuwa njano halitarudi kuwa kijani, kwa hiyo msiutathmini mmea kwa majani yake ya zamani. Uangalieni penye chipukizi. Shina likibaki tupu, likwaruzeni kidogo kwa ukucha: chini ya gome pakiwa pabichi na kijani, bado upo hai, endeleeni kungoja. Pakiwa pakavu na kahawia, shukeni chini mkwaruze tena. Na wakati mnangoja, kama kuna tawi moja zima, likateni mlioteshe pembeni, maana huenda mama akafa na mtoto akabaki.

Nimeambiwa baadhi yenu mmekuja na mimea yenu. Ileteni hapa mbele kwenye meza, tuitandikie magazeti, tuanze na huo wa mama aliyeketi karibu na nguzo. Mama, kabla hatujautoa kwenye mkebe, hebu tuambie: nyumbani kwako ni nani anayeutia maji?